Kutatua matatizo ya e-grafu: dalili, chanzo, na pa kuanzia

Pale soko la Kirumba Mwaloni, makarani wawili wanaweza kuandika hesabu ya mzigo uleule wa dagaa kwa namna mbili. Mmoja anazidisha ndoo kwa bei, anazidisha tena ndoo kwa ushuru, kisha anajumlisha: n×b + n×u. Mwenzake anajumlisha bei na ushuru kwanza ndipo anazidisha: n×(b+u). Mwenye mzigo hana shida, pesa ni ileile. Shida ni ya kompyuta, ambayo inaona maandishi mawili tofauti na haina sababu ya kudhani yanasema jambo moja.

Fomula za namna hiyo ndizo zilizonifikisha kwenye e-grafu, muundo wa data unaoweka pamoja namna zote za kuandika fomula zenye thamani moja. Programu tuliyokuwa tunaiandika hapa Mwanza ilipokea fomula za bei kutoka kwa watu wengi, na ilipaswa kutambua zipi ni zilezile. Muundo wenyewe ni wa zamani: Greg Nelson aliueleza katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1980 pale Stanford. Ulikaa ndani ya programu za kuthibitisha hoja za kimantiki kwa miaka mingi kabla ya watu wa kompaila, yaani programu zinazotafsiri kodi kuwa lugha ya kompyuta, kuuchukua. Tangu 2021, maktaba ya kodi iitwayo egg, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, imeufanya ujulikane zaidi. Ila hata ukitumia maktaba nzuri, siku itafika utakapotazama jibu usilolielewa. Haya ndiyo ninayoyakagua siku hiyo.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Nodi ni alama moja ya hesabu pamoja na watoto wake, mfano alama ya kuzidisha. Kundi ni mkusanyiko wa nodi zote ambazo tumeshakubali kuwa zina thamani moja. Watoto wa nodi ni makundi, wala si nodi nyingine, na hapo ndipo nguvu yote ilipo: kundi moja dogo linabeba namna nyingi za kuandika kitu kimoja.

Kila kundi lina mwakilishi. Fikiria mialo ya ziwani, kila mwalo na BMU yake, yaani kikundi kinachousimamia. Ukitaka kujua kama wavuvi wawili ni wa mwalo mmoja, unamuuliza kila mmoja mwenyekiti wake ni nani, basi. Mialo miwili ikiamua kuwa kitu kimoja, mwenyekiti mmoja anabaki, na yule wa zamani anawaelekeza watu wake kwa aliyebaki. Huo ndio muundo wa kuunganisha na kutafuta, ulioelezwa na Bernard Galler na Michael Fischer mwaka 1964. Ukiongeza jedwali la hashi (linalopata kitu haraka kwa namba, hashi, inayokokotolewa kutoka ufunguo wake) linalokumbuka kila nodi iko kundi gani, umeshapata e-grafu. Kisha programu inapitisha kanuni za hesabu, mfano a+b = b+a, mzunguko baada ya mzunguko: inatafuta palipo na ruwaza, yaani umbo la upande mmoja wa kanuni, na kuliunganisha kundi lake na la upande wa pili.

Kabla hujagusa dalili yoyote, shika hili: e-grafu ya kawaida haifuti. Usawa ukishaingia hautoki. Kwa hiyo kosa unaloliona mzunguko wa kumi na mbili huenda lilizaliwa mzunguko wa pili, na mahali lilipojitokeza hapakuambii kitu. Kazi ya kwanza, hata kabla programu haijaharibika, ni kuandika kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu, kila unganisho: kundi gani na kundi gani, kwa kanuni ipi, mzunguko wa ngapi. Logi hiyo itakuwa nene. Iache iwe nene.

Dalili: fomula mbili zilizo sawa, programu inasema si sawa

Hii ndiyo inayokuja mara nyingi kuliko zote, na ina vyanzo vingi vinavyofanana kwa sura.

Chepesi kuliko vyote ni kulinganisha namba za zamani. Uliingiza fomula mwanzoni, ukapewa kundi namba 4, ukaihifadhi 4 kwenye kigeu. Baadaye kundi 4 likaungana na kundi 9, na mwakilishi akawa 9. Ukilinganisha 4 na 9 moja kwa moja utapata "si sawa". Muulize kila mmoja mwakilishi wake kwanza, kila mara, bila kudhani unakumbuka. Kagua kila mahali penye alama ya kulinganisha katika kodi yako. Mara nyingi unakutana na sehemu moja uliyoisahau.

Kama si hilo, shuku ulinganifu uliovunjika, yaani ile sheria kwamba nodi zenye alama moja na watoto walewale lazima ziwe kundi moja. Chukua mfano. Kundi 1 ni n, kundi 2 ni b, kundi 3 ni c. Kundi 4 lina nodi ×(1,2), kundi 5 lina nodi ×(1,3). Sasa programu inajifunza kwamba b na c ni bei ileile, inaunganisha 2 na 3, mwakilishi anabaki 2. Angalia kilichotokea: nodi ×(1,3), ukibadilisha watoto wake kuwa wawakilishi, inakuwa ×(1,2). Lakini ×(1,2) tayari iko kwenye kundi 4. Maana yake kundi 4 na 5 lazima nayo yaungane. Na kama kuna jumla iliyojengwa juu ya 4 na nyingine juu ya 5, zinafuata. Unganisho moja chini linapandisha mengine juu, mpaka yatulie.

Usipoyafuata hayo, jedwali la hashi linabaki na funguo za zamani. Linaulizwa "×(1,2) iko wapi?" linajibu 4. Linaulizwa ×(1,3), linajibu 5, kana kwamba hakuna kilichotokea. Programu haianguki wala haitoi onyo. Inakujibu tu kwamba n×b na n×c ni vitu viwili.

Njia ya zamani ilikuwa kurekebisha palepale baada ya kila unganisho. Waandishi wa egg walionyesha kwamba unaweza kuahirisha: fanya maunganisho yote ya mzunguko, weka makundi yaliyoguswa kwenye orodha ya kazi, kisha jenga upya kwa mkupuo. Ni haraka zaidi, na mimi naipendelea, lakini inaleta kipindi cha hatari. Kati ya unganisho na kujenga upya, e-grafu haiaminiki. Ukitafuta ruwaza ndani ya kipindi hicho, au ukiuliza kama fomula mbili ni sawa, jibu halina maana. Hakikisha mzunguko wako unakwenda hivi: tafuta zote, andika yaliyopatikana, unganisha zote, jenga upya, ndipo utafute tena. Ukiona kodi inayotafuta na kuunganisha ndani ya kitanzi kimoja, umeshapata mtuhumiwa.

Kuna namna tatu za kuuvunja ulinganifu hata kama unajenga upya kwa wakati, na zote nimezikuta. Ya kwanza: kubadilisha watoto wa nodi ikiwa bado imo ndani ya jedwali. Hashi yake imebadilika, iko kwenye sehemu isiyo yake, haitapatikana tena. Itoe kwa ufunguo wa zamani, ibadilishe, irudishe. Ya pili: kusahau kuhamisha orodha ya wazazi. Kila kundi linatunza orodha ya nodi zinazolitumia. Makundi mawili yakiungana, orodha ya aliyepoteza uwakilishi lazima iende kwa aliyebaki. Nilikaa siku tatu nikipekua kanuni za hesabu, kumbe tatizo lilikuwa mstari mmoja uliotupa orodha hiyo. Ya tatu: kujenga upya mara moja na kuacha, wakati kujenga upya kwenyewe kunazaa maunganisho mapya. Rudia mpaka orodha ya kazi iwe tupu.

Dawa ya haya yote ni mkaguzi wa polepole. Andika kazi ndogo inayopita nodi zote, inabadilisha watoto wote kuwa wawakilishi, inaziweka kwenye jedwali jipya. Ikikuta nodi mbili zenye sura moja katika makundi mawili tofauti, isimame na kuzitaja. Iite baada ya kila kujenga upya wakati wa majaribio, na izime kwenye kazi halisi. Ni mistari michache tu, na imeniokolea muda mwingi kuliko kitu kingine chochote nilichoandika kwenye mradi ule.

Mkaguzi akisema kila kitu ni salama na jibu bado ni "si sawa", basi angalia programu ilisimama kwa nini. Kuna tofauti kubwa kati ya "kanuni zote zimemaliza, hakuna jipya" na "nimefikia kikomo cha nodi". E-grafu ikisema fomula mbili haziko kundi moja, inachosema ni kwamba bado haijaona usawa wao. Huenda kanuni inayohitajika haimo. Huenda imo kwa upande mmoja tu: umeandika n×(b+u) igeuke n×b + n×u, ukasahau kwamba safari nyingine inahitaji kurudi. Au ilikuwa imebaki mizunguko miwili. Chapisha sababu ya kusimama kila mara, kando ya jibu.

Dalili: memori inajaa

Umeweka jumla ya vitu vingi, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukakuta kompyuta imeganda. Karibu kila mara wahusika ni kanuni mbili zisizo na hatia: a+b = b+a, na (a+b)+c = a+(b+c).

Hesabu yenyewe inafaa kuijua. Jumla ya vigeu 10 tofauti inaweza kuandikwa kwa mabano na mpangilio kwa namna 17,643,225,600. E-grafu haiziandiki moja moja, na huo ndio uzuri wake: kila kundi ni mkusanyiko fulani wa vigeu hivyo, kwa hiyo makundi ni 1,023 tu. Nodi za kujumlisha zinafika 57,002. Inabebeka. Lakini idadi hiyo inakua karibu mara tatu kwa kila kigeu unachoongeza, na ukifika vigeu 15 una nodi 14,283,372. Karani wa kawaida anayejumlisha mizigo ya mitumbwi ya asubuhi moja anaweza kuvipita vigeu 15 bila kujua amekufanyia nini.

Vikomo ni lazima: idadi ya nodi, idadi ya mizunguko, muda. Vinaokoa kompyuta, lakini havitibu ugonjwa. Kinachosaidia kidogo ni kuipumzisha kanuni inayopata ruwaza nyingi kupita kiasi katika mzunguko mmoja: ikivuka kiwango, ikae pembeni mizunguko kadhaa ili kanuni nyingine zipate nafasi. Kinachosaidia sana ni kuziondoa kanuni hizo mbili kabisa. Jumla usiiweke kama nodi ya watoto wawili. Iweke kama orodha moja ya watoto iliyopangwa kwa namba za makundi. Mpangilio na mabano vinapotea kwenye muundo wenyewe. Gharama yake ni kwamba kutafuta ruwaza ndani ya orodha kunakuwa kugumu, na orodha lazima ipangwe upya wawakilishi wanapobadilika. Kwa fomula za bei, zenye jumla ndefu na kanuni chache, gharama hiyo inalipa. Kwa kompaila yenye mamia ya kanuni, ningefikiri mara mbili.

Watu wengi huituhumu kanuni ya x = x+0 wakidhani itazaa x+0+0+0 bila mwisho. Peke yake haifanyi hivyo. Inaongeza nodi moja ndani ya kundi la x, ambayo mtoto wake ni kundi hilohilo, na mzunguko unaofuata inaikuta nodi ileile ipo tayari. Madhara yake yako kwingine, tutayafikia.

Dalili: kila kitu kimekuwa sawa na kila kitu

Hii inatisha mara ya kwanza. Unauliza kama bei ni sawa na ushuru, programu inasema ndiyo. Unauliza kama 0 ni sawa na 1, inasema ndiyo.

Kanuni moja ya uongo inatosha. Chukua x/x = 1, ambayo kila mtu anaiandika, na 0/x = 0, ambayo nayo kila mtu anaiandika. Ikitokea mahali pamoja 0/0, kanuni ya kwanza inasema ni 1, ya pili inasema ni 0. Kundi la 0 na kundi la 1 yanaungana. Baada ya hapo 1×y ni y, 0×y ni 0, na ulinganifu unamalizia kazi: kila y inakuwa 0. E-grafu yako inabaki na kundi moja. Na kwa kuwa hakuna kufuta, haina njia ya kurudi.

Usianze kusoma kanuni moja moja kwa macho. Weka mlinzi: kila kundi litunze thamani yake ya namba kama inajulikana. Makundi mawili yenye namba mbili tofauti yakitaka kuungana, simamisha programu hapohapo na uchapishe unganisho lililosababisha. Kisha fuata logi kurudi nyuma. Kama hukuandika logi, gawa kanuni nusu kwa nusu: zima nusu, endesha, ona kama 0 bado ni 1, endelea kupunguza. Kumbuka tu kwamba kosa linaweza kuhitaji kanuni mbili kwa pamoja, kama hapo juu, na ukizitenganisha kila moja itaonekana safi. Maktaba zinazoweza kutoa uthibitisho, yaani mlolongo wa kanuni kutoka fomula moja hadi nyingine, zinarahisisha hili mno. Washa huduma hiyo hata kama inapunguza kasi.

Tiba ni sharti kwenye kanuni: x/x = 1 itumike pale tu inapojulikana x si 0. "Inapojulikana" maana yake umeshaithibitisha, si kwamba hujaona ushahidi wa kinyume.

Kwetu kosa lilijificha kwenye shilingi. Fedha zilihifadhiwa kama namba kamili, na kulikuwa na kanuni (a/b)×b = a. Gawanya 10,000 kwa 3 kwa namba kamili upate 3,333. Zidisha kwa 3, ni 9,999. Kanuni ni ya kweli kwenye ubao wa shule na ya uongo kwenye kompyuta. Desimali nazo zina yake: (0.1+0.2)+0.3 inatoa 0.6000000000000001, na 0.1+(0.2+0.3) inatoa 0.6. Kabla ya kuandika kanuni yoyote, amua unazungumzia namba za aina gani, na uandike uamuzi huo juu kabisa ya faili.

Dalili: jibu ni sahihi lakini refu kuliko swali, au halitoki kabisa

Hapa e-grafu yenyewe ni nzima. Tatizo liko kwenye kuchagua. Mwishoni lazima utoe fomula moja kutoka kila kundi, kwa kipimo cha gharama, na programu inakupa iliyo rahisi kwa kipimo chako. Ukipata n×b + n×u wakati ulitaka n×(b+u), angalia kama kipimo chako kinahesabu kila alama, ikiwemo ile ya kuzidisha iliyorudiwa.

Isipotoka kabisa, ikazunguka mpaka ianguke, ile x = x+0 ndiyo imefika. Kundi lina nodi inayojirejea. Ukichagua nodi hiyo, unashuka ndani yake, unakutana na kundi lilelile, unashuka tena. Hakikisha gharama ya nodi daima ni kubwa kuliko ya kila mtoto wake. Nodi yenye gharama sifuri ndiyo mlango wa mzunguko huo.

Suala gumu kweli ni sehemu zinazotumika mara mbili. Kwenye (b+u)×n + (b+u)×m, b+u inahesabiwa mara moja tu programu inapoendeshwa, lakini kipimo cha kawaida kinaihesabu mara mbili na kinaweza kuikataa. Kuchagua kwa kuzingatia ushirikiano huo ni tatizo la aina ya NP-ngumu, yaani hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulitatua kwa kila hali. Wengine hulipeleka kwa kitatuzi cha hesabu za namba kamili. Kwa fomula ndogo sijawahi kuona sababu ya kujisumbua.

Dalili ndogo ndogo

Jibu linabadilika kila ukiendesha: umesimamishwa na kikomo, na jedwali la hashi linapitwa kwa mpangilio tofauti kila mara. Tumia jedwali linalotunza mpangilio wa kuingiza.

E-grafu ndogo lakini utafutaji ni wa polepole: pengine unapita makundi yote kwa kila kanuni. Tunza orodha ya makundi kwa kila alama, ili ruwaza inayoanza na × itazame yenye × tu.

Dalili ambayo si ugonjwa

Mama mmoja wa dagaa alinipigia simu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, halafu akaniuliza: "Mwanangu, hesabu yangu na ya karani ni moja, mbona kompyuta yako inakataa?" Nilirudi kwenye mkaguzi, nikapekua wazazi, nikapekua wawakilishi. Kila kitu kilikuwa salama.

Ndipo nilipofanya nilichopaswa kuanza nacho: niliweka namba halisi. Tuseme magunia 3, ushuru 1,240 kila gunia. Karani alikuwa anakadiria kila gunia kwenye mia iliyo karibu, 1,200, kisha anazidisha: 3,600. Mama alikuwa anazidisha kwanza, 3,720, kisha anakadiria: 3,700. Fomula mbili, shilingi mia tofauti.

Siku hizi, nikiambiwa "zinapaswa kuwa sawa", naziweka zote mbili namba za kubahatisha mara mia moja kabla ya kufungua e-grafu. Zikitofautiana mara moja tu, nampigia simu mwenye fomula.